Mizani

Napanda milima ya Ermera na mizani begani,
kulabu yake inanigonga ubavuni kila hatua,
na zile suruali za turubai za kuning'inizia watoto
nimezifunga kiunoni kama mtu aliyeiba nguo kambani.
Barabara ilikatika kwa mvua ya Januari.
Gari la wizara liliishia darajani;
dereva akasema, Dada, Mungu akutangulie,
akalaza kiti, akalala.

Tunaitundika kwenye boriti ya kanisa.
Padri hayupo, huja Pasaka.
Akina mama wako foleni tangu umande,
watoto wamepakwa poda, wamechanwa nywele,
nywele zilizogeuka rangi ya mahindi makavu.
Kila mtoto hulia akining'inizwa.
Asiyelia ndiye ninayemwogopa.

Wa kwanza, tisa na nukta mbili. Wa pili, kumi kasoro.
Kisha Olandina na mapacha wake,
miaka miwili na nusu.
Noemia: nane.
Natalino: nane.
Nane kwa nane.
Kwa mtunga mashairi huu ni urari,
mizani imetimia, mstari haupungui wala hauzidi.
Kwangu mimi zimepungua kilo tano
kila kipande.

Nauzungusha utepe mkononi mwa Noemia.
Unasimama kwenye nyekundu.
Naulegeza kidogo, naukaza, naulegeza,
kana kwamba nikiubembeleza utakubali manjano.

Wanakula nini? nauliza, kwa kuwa fomu inauliza.
Wali. Wali na chumvi. Wali na majani ya maboga.
Asubuhi kahawa ya sukari, wanyamaze.
Mayai?
Olandina anacheka, si kwa dharau.
Kuku anao wanne. Mayai hushuka Gleno kila Jumamosi,
hurudi yakiwa tambi za pakiti, sabuni,
na mishumaa ya marehemu baba mkwe.
Mwezi uliopita walianua matanga, wakachinja nyati;
wageni mia mbili walikula nyama,
watoto wakapata mchuzi.
Nafungua mdomo niseme neno.
Bibi Etelvina ananiwahi:
Wafu nao wana njaa, binti,
na hawasahau upesi kama serikali.
Naufunga.

Ananionyesha mkono wake mwenyewe, mfupa na mishipa.
Wakati wa vita, asema, tulikula mizizi ya msituni,
tukaichemsha mara saba kuitoa sumu,
na mama yake huyu nilimbeba tumboni kwa mizizi hiyo.
Namtazama bibi: ananifika begani.
Namtazama Olandina: ananifika begani.
Na mimi si mrefu.
Kwenye fomu hakuna mstari wa kuandika
kwamba vita viliisha lakini bado vinakula.

Nagawa pakiti za karanga, kumi na nne kila mtoto.
Za mapacha tu, nasema, si za kaka zao.
Kaka zao watatu wamesimama mlangoni
wakinitazama mikono.
Mimi najua. Olandina anajua.
Tunaafikiana kwa macho kutojua.

Nimekwisha kukunja suruali zangu
Kasimiro, baba yao, anapokuja na gunia la kahawa.
Naomba mizani, asema. Mara moja tu.
Tunaitundika tena, boriti inalia.
Thelathini na moja.
Anainama kusoma mwenyewe, kidole juu ya kioo.
Mnunuzi aliniambia ishirini na sita.
Anakaa kimya, midomo ikihesabu.
Kilo tano, asema.
Noemia ameketi kizingitini
analamba pakiti iliyokwisha, anaigeuza nje ndani.
Kilo tano, anarudia baba yake,
safari hii haangalii gunia.

Mvua inaanza. Nakificha kitabu ndani ya blauzi.
Nina vitongoji vitatu kabla ya giza,
na kalamu moja ya risasi, fupi kama kidole cha mtoto.