Ubao Usiseme

Ndekirwa anagonga ubao kwa kifundo cha kidole,
anainamisha sikio kama daktari wa kifua.
"Huu bado unaongea," anasema,
anaurudisha ukutani, kati ya vifuniko vya majeneza.

Karakana yake iko Kiboriloni, nyuma ya soko la mitumba.
Miaka thelathini anawatengenezea masanduku waliokwisha kunyamaza.
Nilipompelekea mchoro wangu, alinielewa kabla chai haijapoa:
kasha la spika lisiwe na neno lake.
Likitetemeka, linamchongea mwimbaji.
Likivuma, linamkata mtu kauli.
Lishike mdomo, sauti ipite.

Mimi ni fundi wa kusuka mota.
Mashine za kukoboa kahawa, pampu za mashamba ya miwa,
zote zilizoungua zimepita mapajani mwangu,
na waya wa shaba nauhesabu hata umeme ukikatika.
Koili ya besi: mizunguko mia mbili na arobaini.
Nikaruka mmoja, nikafumua yote,
maana mzunguko mmoja tu
humhamisha mpiga gitaa kitini, ukamsikia mlangoni.

Kuta tulizifanya mbilimbili,
katikati mchanga wa mto Karanga,
tuliouchekecha, tukauanika juu ya bati;
siku ya tatu mvua ikaukuta, tukaanza upya.
Pande hatukuziacha zitazamane.
"Kuta zikitazamana husengenyana," alisema Ndekirwa,
"neno linazunguka humohumo, halitoki."
Ndani, sufu ya kondoo kutoka Kibosho, ingali inanuka zizi.
Nyuma, tundu la kupumulia, upana wa ngumi yangu.
Juu, kuba dogo la hariri,
alilonipatia mpwa wangu, kalificha ndani ya soksi safari nzima
kama yai.

Jumamosi tukayapakia kwenye guta,
marefu, meusi, ubavu kwa ubavu chini ya shuka.
Muuza parachichi akavua kofia.
Watoto wakaacha mpira.
Mama Anasia akatufuata hatua kwa hatua,
khanga begani, hadi alipopata pumzi ya kunishika mkono:
"Pole, baba. Wawili? Siku moja?"
Ndekirwa hacheki akiwa kazini.
"Mama," akamwambia, "hawa ndio kwanza wanajifunza kusema."

Akaja nao nyumbani, kuhakikisha.
Sebule yangu ni ndogo; mke wangu amenipa kibali cha mwezi mmoja.
Nikapima kwa kamba: kasha, kasha, kiti,
pembe tatu zinazolingana,
na kile kiti kimoja nikampa Mama Anasia.

Nikaweka kanda ya kwaya ya usharika,
ya mwaka sabini na nane, iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja.
Kwanza, hewa ya chumba.
Kisha benchi likalia. Ukurasa ukafunuliwa, kushoto.
Besi zikasimama pale penye kabati la vyombo,
na kabla ya ubeti wa tatu, nyuma yao,
mtu akakohoa.

"Rudisha," akasema.
Nikarudisha.
"Huyo ni Elisaria. Alikuwa akikohoa hivyohivyo
akitafuta sauti yake. Rudisha."

Nilirudisha mara tano. Wimbo wenyewe hatukuumaliza.
Ndekirwa alikuwa amesimama kando,
kiganja ubavuni mwa kasha, macho kayafumba, anapapasa.
"Limekufa," akaninong'oneza,
kwa fahari. "Limekufa kabisa."