Arobaini na Nane

Saa kumi na mbili jioni, mvua ya mawe ya Kakamega
haijaliachia bati la wodi ya tatu.
Karatasi yasema: digoksini, kidonge kimoja, mpe.
Sahihi ya daktari imekaa chini yake kama komeo.

Mama Trufosa Khavere hataki uji.
"Sista, nani amezitia shuka hizi manjano?"
Binti yake anacheka: macho ya uzee hayo.
Shuka ni nyeupe. Nilizitandika mwenyewe asubuhi.

Namshika kifundo cha mkono, saa yangu kifuani.
Dakika nzima, si nusu mara mbili.
Mawe yanakimbia juu ya bati,
mshipa wake hauna safari:
arobaini na nane.

Kidonge ki tayari kikombeni, punje ya mtama tu.
Nakitoa.
Naandika: *Sijampa. Mapigo 48. Anaona manjano.*
Nampigia Daktari Wekhomba. Yuko kwenye upasuaji, wanasema,
nisubiri.

"Kwani leo mama hapewi dawa?"
Binti sasa hacheki.
Simu nimeibana begani, mkono wa mamake
naushika tena, naanza upya:
moja.