Daktari wa Barafu

Alfajiri niko Gikomba na kasha langu la plastiki.
Mama Awuor ananipimia barafu iliyolaliwa na mbuta usiku kucha.
"Chukua," asema, "ila usinitaje
vifundo vya watu vikinuka samaki."

Hii ndiyo maabara yangu, mwaka wa tatu.
Ile nyingine, ya chuo, ina mifupa bandia
inayoning'inia kwenye ndoano, ikicheka bila sababu,
na Daktari Mutinda akiigonga kwa kalamu:
Jina? Kazi yake? Huvunjikaje?
Kinywa kinajibu Kilatini.
Kichwani niko darasa la sita, kwa mwalimu Barasa,
tunaimba viungo huku tukijigusa:
kisigino, muundi, kilegesambwa.
Kilegesambwa!
Nani alikupa jina refu hivyo,
wewe kifuniko kidogo cha goti?

Shangazi Moraa, mweka hazina wa chama,
aliwaambia wenzake nasomea udaktari.
Alipojua ni wa wachezaji
alinyamaza kwenye simu mpaka salio likaisha.
Kesho yake akapiga: "Yaani kukanda."

Yaani kukanda, shangazi.
Na kungoja. Hasa kungoja.
Dakika tisini nakaa ukingoni mwa benchi
nikitazama miguu, si mpira:
winga anayekanyagia ukingo wa nje wa wayo,
kipa anayeinama kwa goti moja tu,
la pili akilibembeleza.
Ukiniuliza matokeo, sijui.

Jumapili ile, Kaloleni,
Otiende alianguka bila kuguswa na mtu.
Hao ndio wa kuogopwa. Aliyeguswa hupiga kelele.
Nilimkuta amelifumbata goti kwa viganja viwili
kama aliyekamata ndege, anaogopa kufungua.
"Kuna kitu kimelia," akasema. "Ndani. Kama kijiti."

Nikaushika muundi, nikauvuta mbele, taratibu,
vile nilivyovuta mara mia darasani
magoti mazima ya wenzangu,
nikingoja pale mwisho ukano unapokataa.
Haukukataa.
Muundi ukaja, ukaja tu,
droo isiyo na kizuizi.

Kocha Njagi mstarini: "Mpulizie dawa ainuke!"
Na kule juu, wanaume wawili wenye daftari,
waliotumwa na timu kubwa, wamemjia yeye.
Otiende alikuwa anawaona. Akaninong'oneza:
"Dakika kumi tu, dada. Nifunge bendeji.
Kumi tu."

Kitabu kina sura nzima ya bendeji:
upana, mvuto, pembe ya kuanzia.
Hakina hata ukurasa mmoja
wa kumtazama machoni kijana wa miaka kumi na tisa
huku mikono yako ikipanda hewani
na kuzunguka, mara moja, mara mbili:
atoke.

Alitoka. Daftari zikafungwa.
Kocha hakunisemesha hadi juma lililofuata, naye
nilimwona Burma, na magongo mawili, 
akavuka barabara yenye magari
asipite upande wangu.

Jana, mtihani. Swali la nne, alama ishirini:
Eleza hatua za kwanza kwa goti lililojeruhiwa.
Nikaandika kupumzisha, barafu, kubana, kuinua.
Halafu nikaacha mistari miwili mitupu,
kalamu imesimama,
msimamizi akinitazama kama asiyejua jibu.

Leo tena Gikomba. Baridi ya Julai,
vidole vyangu vimekufa kabla sijaigusa barafu.
"Yule kijana wa magongo ni mtu wenu?" Mama Awuor aniuliza.
"Anakuja jioni, ananunua ya shilingi hamsini.
Jana nilitaka kumwongezea, akakataa.
Ati ni dakika kumi na tano, kitambaa katikati,
zaidi ya hapo inaunguza."

Nikamuuliza kama alisema nani alimfundisha.
"Sikumuuliza. Kasha limejaa hili. Lete pesa."