Msoma Mita

Nilikuja kusoma mita, sikuja kucheza.
Hilo lijulikane kwanza,
kabla hamjaniuliza kidole hiki kimepindwa na nini.

Jumamosi ya Mei, Coventry, mvua inajifanya haipo.
Kizibao cha kampuni, kitambulisho shingoni,
nagonga mlango wa klabu ya Mtakatifu Atrakta
nyuma ya kiwanda kilichokuwa cha magari,
siku hizi ghala la viatu.
Mita iko wapi, mama?
Bi Dervla Hanratty akanikagua toka utosini hadi kwenye buti:
"Jezi kubwa au ya kati?"

Walikuwa kumi na wanne.
Mchezo unataka kumi na watano.
Wa kumi na tano yuko mochwari,
anahangaikia vibali vya baba yake.

Nikasema mimi Mngoni wa Songea, naujua mpira wa miguu,
huu wenu wa magongo siujui.
Malachy Tuohy, kocha, fundi bomba,
kucha bado zina gundi ya kazini,
akanivisha kofia yenye kizimba cha chuma usoni,
akanikabidhi gongo la mti mweupe,
bapa mwishoni, kama mwiko wa ubwabwa wa shughuli,
limevishwa bati pale lilipowahi kupasuka.
"Kaa golini. Kinachokuja, kizuie."
Basi. Hayo ndiyo mafunzo yote.

Goli lao lina pembe ndefu, kama ng'ombe wa Ankole:
chini nyavu, juu hewa tupu.
Ukipiga chini, tatu.
Ukipaisha, ikapita kati ya pembe, moja.
Yaani hata aliyepaisha hajakosa,
hesabu niliyoipenda papo hapo.

Kipira chenyewe ngumi ya mtoto, kigumu, kimeshonwa matuta.
Cha kwanza sikukiona. Nilikisikia
kikinong'ona sikioni, halafu nyavu zikaitika.
Cha pili nilikiona kwa kidole.

Beki wangu Gurdeep Sahota, mzaliwa wa hapa hapa,
anatukana kwa Kiayalandi, anaomba radhi kwa Kipunjabi.
Kule mbele mwalimu wa kemia, dereva wa kijiko,
muuguzi aliyetoka zamu ya usiku na hajalala,
na ndugu wawili ambao hawajasemezana tangu Krismasi
lakini wanapasiana.
"Gurdeep, wanakulipa shilingi ngapi?"
Akacheka mpaka kizimba kikalia.
Yeye ndiye anayelipa, pauni tano kila wiki,
na mwezi huu ni zamu yake kufua jezi.

Tulifungwa. Namba ni kazi yangu, sisahau:
wao magoli manne na alama kumi na moja,
sisi goli moja na alama tisa.
Wapigie wenyewe hesabu, mimi naona aibu.

Kisha chai, mkate wa mayai, soksi zikitoa mvuke kwenye hita,
na Bi Dervla akapitisha kopo la biskuti lisilo na biskuti.
Mzee Colm Gilhooly, mchimba mahandaki,
amekufa Alhamisi na anataka kulala kwao, Mayo.
Hakuna hotuba. Kopo linapita, noti zinakunjwa.

Mimi kopo hilo nalijua.
Letu liko kwenye simu, kundi la watu wa Songea,
Leicester mpaka Reading:
jina, kiasi, jina, kiasi,
mtu anaandika "nipeni hadi Ijumaa",
na siku ya sita jeneza linapata tiketi.
Nikatoa kumi.
Hakuna aliyeshangaa, na hapo ndipo niliposhangaa mimi.

Yule kijana wa mochwari akaingia jioni, koti limelowa,
akaniona nimevaa namba yake.
Nikaanza kuivua.
"Iache," akasema, "utapata baridi."

Jumatatu msimamizi akapiga simu:
usomaji wa Mtakatifu Atrakta mbona haupo?
Nikamwambia mlango ulikuwa umefungwa, bosi.
Itanibidi nirudi.
Jumamosi. Saa nane mchana.