Mpaka Kwenye Ufa

Bibi Subilaga hakupima kwa kikombe.
"Maji," alisema, "mpaka kwenye ufa,"
na ufa ulikuwa ubavuni mwa chungu,
mwembamba kama unywele, umeshika masizi.

Ndizi zimenye ndani ya maji,
utomvu usikugande vidoleni. Maharage yawe ya jana.
Maziwa mwishoni, kuni ukishazitoa,
na usikoroge: tikisa chungu
kama unabembeleza mtoto wa mwenzio.

Isongole mvua haina msimu.
Tulipakata mabakuli, magoti yakishiba joto kabla ya tumbo,
Ambakisye akikwangua ukoko
kana kwamba anaudai.

Chungu kilivunjika siku ya tatu ya matanga,
mikononi mwa shangazi aliyekuwa akiosha.
Hakuna aliyemlaumu. Tuliinama, tukaokota vigae,
tukautafuta ule ufa mmoja
katikati ya nyufa zote.

Sasa napika Uyole, kwa sufuria.
Mara ya kwanza ilikuwa supu.
Mara ya pili jirani alibisha hodi kuuliza kinachoungua.
Juzi Mama alionja, akanyamaza,
akasogeza bakuli aongezwe.

Nikatafuta msumari.
Nikachora mstari ndani ya sufuria.