Sekunde ya Tatu

Watu huniuliza, hiki kitabu ulikitoa wapi,
huku wakitazama juu, kana kwamba kilinidondokea.
Nami huwaambia: kilitoka chini.
Ibihwa, nyuma ya zizi la mjomba Chilongani,
kwenye kisima chenye mfuniko wa bati
na tairi la trekta juu yake.

Utotoni tulikuwa tunatupa kokoto mle,
mimi na Nyemo, tukikatazwa kila siku, tukirudia kila siku.
Moja, mbili, chubwi!
Tunacheka. Basi.
Dunia ilikuwa na kina cha kuhesabu mpaka mbili.

Nilirudi na mvi zangu chache na begi la kompyuta,
msiba wa shangazi, mwezi wa kumi,
upepo ukivurumisha vumbi jekundu
hadi kwenye ugali wa uwele na bakuli la mlenda.
Nikaenda kisimani bila sababu. Mkono ukaokota wenyewe.
Moja.
Mbili.

Tatu,
chubwi, kwa mbali,
kama mtu anayeitikia hodi akiwa chumba cha ndani.

Kurasa zote mia tatu na kumi
niliziandika ndani ya kimya kile.

Mjomba alisema tu, "Tumeshakichimba tena mara mbili.
Maji yanashuka, nasi tunayafuata.
Kwani ng'ombe akishuka bondeni humfuati?"

Wakati ule nilikuwa na mswada mwingine, jina lake nalisitiri.
Ulikuwa na chombo cha angani kilichotua kilima cha Mlimwa
na viumbe wa kijani wenye adabu kutuzidi.
Niliusoma usiku ule kwa tochi ya simu
nikaona haya, kama niliyefumaniwa nikisema uongo
mbele ya mgonjwa.

Kesho yake nikamtafuta Mbeleje, mwalimu wa fizikia.
Akageuza karatasi ya mtihani wa mtu, akaandika nyuma yake:
tano, mara sekunde, mara sekunde.
Sekunde mbili, mita ishirini.
Sekunde tatu, arobaini na tano.
"Hesabu ya mkato hii, usiipeleke kwa mhandisi," akasema,
"lakini jiwe halina sababu ya kudanganya."
Nikauliza: na nne?
Akaandika themanini, akapigia mstari, akaitazama kidogo,
akaikunja karatasi akanipa
kama mtu anayelipa deni asilotaka kulizungumzia.

Nne. Hapo ndipo watu wangu walipoanza kuishi.
Sikuwabuni, niliwapigia hesabu:
mama anayeamka saa tisa usiku kabla kadi ya maji haijafungwa,
mzabibu wa Hombolo unaonyweshwa kwa matone yaliyopimwa, kama mtoto njiti,
kijana fundi, pampu ya jua, vipuri vya pikipiki,
treni inayopita usiku na matangi ishirini yaliyofungwa kufuli
na kijiji kizima kinachojua, kwa mlio wa reli tu,
kama yamejaa au ni matupu.

Kila nilipotaka kuwaletea mvua ya muujiza
Mbeleje aliandika pembeni, kalamu nyekundu: Imetoka wapi?
Swali hilo lilinitesa miezi minane.
Lilinifutia sura ya sita nzima,
na harusi iliyokuwemo, na ngoma, na bwana harusi niliyempenda.
Lilinifundisha kwamba kesho nayo ina risiti zake.

Mswada ulipokamilika nilimsomea mjomba sura ya kwanza.
Alisikiliza hadi mwisho, anachokonoa meno kwa njiti.
"Hapo penye bei ya ndoo," akasema. "Elfu nne?"
"Ni mwaka elfu mbili na sabini na moja, mjomba."
"Umewaonea huruma."

Akainuka, akaenda kunywesha ng'ombe.
Nikatafuta kalamu.