Kijaluba

Lochee, Dundee, ghorofa ya tatu,
bomba la joto likigonga usiku
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Januari ile tulikuwa wawili, mimi na Mwakio,
taulo moja, kikombe kimoja cha chai,
na homa aliyopanda nayo basi kutoka kazini.

Siku ya tisa walimchukua,
midomo imeiva rangi ya zambarau.
Mimi nikapimwa: kirusi kimo.
Nikasonga ugali, nikala.
Sikupiga hata chafya.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni huyu alikuta wenyeji wawili.

Daktari Eilidh aliniomba damu, chupa kumi na moja.
Akazipa nambari; jina langu, Mghoi, likabaki mlangoni.
Wiki ya sita akaniita, akanieleza kwa mikono:
kila seli huchanachana yaliyomo ndani mwake
na kutundika vipande nje, usiku na mchana,
vyake mwenyewe, na vya mwizi kama mwizi yumo.
Nikamwambia, kwetu husema kikulacho ki nguoni mwako.
Akaomba nirudie polepole,
akaandika mgongoni mwa bahasha.

Hicho kinachoshika kipande, mimi ndiye nilikiita kijaluba,
kwa ajili ya kile cha bibi cha ugoro.
Kina mfereji, na mferejini vishimo.
Kipande kisicho na jino la kuingia humo
huteleza, huanguka, hakionwi na yeyote.
Na vijaluba havifanani:
maumbo maelfu duniani,
nusu ya vyako wachongewa na mama, nusu na baba.

Kisha hupita wapapasaji, seli T,
waliofundwa nyuma ya kidari tungali wachanga,
katika chuo ambacho wengi hawatoki hai.
Kirusi kizima hawakijui.
Hugusa kipande na kijaluba kwa pamoja,
kama kipofu atambuavyo sarafu kwa ukingo wake.

Vyangu vilishika kipande kifupi, herufi tisa,
pacha wa kipande cha mafua fulani ya zamani,
pengine ya mwaka niliofika,
nilipokohoa Novemba nzima katika chumba cha kupanga
na mwenye nyumba akagonga ukuta.
Wapapasaji wa mafua yale walikuwepo bado.
Wakagusa. Huyu tunamjua.
Kabla sijajua naumwa, kazi ilikuwa imekwisha.

"Na vya Mwakio?"
Akatazama dirishani, mto Tay ukiwa na rangi ya sufuria.
Vilishika vipande vingine, akasema, labda,
na wageni wa vipande vile wakachelewa kutambuliwa.
Labda. Kuna umri, kuna mapafu,
kuna zile zamu mbili alizofanya mfululizo.
Niliipenda labda yake.
Aliiweka mezani kama mtu anayerudisha chenji kamili.

Mama hupiga simu Jumapili kutoka Wundanyi:
mlikula nini tofauti?
Nimwambieje kwamba tofauti ilitangulia chakula,
kwamba yeye na Baba walichanganya karata zilezile mara mbili
na kila mmoja wetu akaokota mkono wake gizani?
Namwambia: tulikula sawa, Mama.

Aprili tulipanda kilima cha Law.
Zamani alikuwa akikimbia hadi juu. Sasa alisimama mara tatu,
akajifanya anahesabu mabomba ya viwanda vya magunia.
"Kitakuja kirusi kingine," alisema,
"nitakishika mimi, wewe utalala na mirija puani."
Alitania, lakini Eilidh alishaniambia vivyo hivyo:
ndiyo maana ukoo huweka maumbo mengi,
mwizi asikute milango yote ina kufuli moja.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikangoja.
Nilikuwa na chupa ya chai na kifuniko chake,
hicho kimoja tu.
Alikunywa kwanza,
akapangusa ukingo kwa mkono wa sweta,
akaukagua kwenye mwanga,
akapangusa tena,
ndipo akanipa.